Muulize Mzee wa Vumbi: Pikipiki, Njia Mbovu na Makasha Yaliyofichwa

Barua za safari hii karibu zote ni za pikipiki na makasha, kwa hiyo walioniuliza kuhusu mahema na majiko ya safari wanivumilie hadi toleo lijalo. Nimezifupisha barua bila kugusa maana. Majina ni yale mliyojipa wenyewe, msinilaumu.

Shikamoo Mzee wa Vumbi. Nasikia watu wakizungumzia jiokashingi, mchezo wa kutafuta makasha kwa satelaiti. Mimi nina pikipiki ya cc 150, ya kawaida kabisa. Mchezo wenyewe ni nini hasa, na pikipiki yangu itafaa au lazima ninunue ile ndefu ya safari?
*Mgeni wa Njia*

Marahaba, mgeni. Mchezo ni huu: mtu anaficha chombo chenye daftari ndani, anapima latitudo na longitudo ya mahali alipokificha, anaziweka kwenye intaneti. Wewe unazichukua, unakwenda, unatafuta, unasaini daftari, unakirudisha chombo palepale, kisha unaandika mtandaoni kwamba umekipata. Kama ndani mna vitu vidogo vidogo, ukichukua kimoja unaacha kingine cha thamani ileile au zaidi. Ni hivyo tu.

Ulianza Mei 2000, na ulianza kwa sababu moja. Kabla ya hapo Marekani ilikuwa ikivuruga kwa makusudi usahihi wa GPS kwa raia, hata kipokezi kikaweza kukuweka mita mia moja kutoka ulipo kweli. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Mei, kwa amri ya Rais Bill Clinton, uvurugaji huo ukazimwa. Kesho yake tu, tarehe 3, Dave Ulmer akaacha ndoo karibu na Beavercreek, jimbo la Oregon, akatangaza namba za mahali na kuwaambia watu wachukue kitu na kuacha kitu. Ndani kulikuwa na vitabu, kombeo na kopo la maharage, pamoja na vingine. Siku hizi chakula kimekatazwa kabisa kwenye makasha, maana wanyama hunusa na kubomoa, lakini kopo lile la kwanza lilipatikana baadaye na limepewa namba yake ya kufuatiliwa, linaheshimiwa kuliko wachezaji wengi ninaowajua.

Sasa pikipiki. Ya cc 150 inatosha. Ile ndefu yenye masanduku pembeni ina kilo 200 na zaidi, na uzito huo hutauhisi ukiwa mwendoni. Unauhisi siku imelala ubavu kwenye matope na huna wa kumwita. Mchezo huu ni wa kusimama na kuondoka. Unashuka, unavua glavu, unatembea, unarudi, unapanda, unageuza kwenye kijia chembamba, halafu baada ya muda mfupi unaanza tena. Pikipiki nyepesi inakusamehe yote hayo.

Kipimo changu ni kimoja. Funga koki ya mafuta, ilaze pikipiki kwenye majani nyumbani kwako, uinue peke yako. Iwe kwenye giya ili isibiringike. Ipe mgongo, chuchumaa, shika usukani kwa mkono mmoja na fremu kwa mwingine, kisha sukuma kwa miguu ukirudi kinyumenyume hatua ndogo ndogo. Ikiwa imelalia kulia, fungua stendi ya pembeni kabla ya kuinua, la sivyo itakuvuka na kuangukia kushoto. Ukishindwa nyumbani, huko porini hutaweza.

Mzee, heshima yako. Kifaa kilinionyesha kasha liko mita 400, nikawa nakata kila njia inayoelekea upande wa mshale, nikaishia ukingoni mwa korongo. Kasha liko ng'ambo, ninaliona karibu liniite. Siku nyingine nilifika hadi umbali ukasoma sifuri, nikajikuta nimesimama katikati ya uwanja mtupu, hakuna hata jiwe la kufichia sindano. Kasoro ni ya kifaa au yangu?
*Mfuata Mshale*

Haya ni maswali mawili na kila moja lina ugonjwa wake.

La korongo kwanza. Mshale unapima mstari ulionyooka. Haujui mto, haujui jabali, haujui kwamba daraja liko kilomita saba nyuma yako. Mwenye miguu akipotoshwa na mshale hupoteza nusu saa. Mwenye pikipiki anapoteza nusu tangi. Kwa hiyo mimi sielekezi kifaa kwenye kasha hata siku moja nikiwa juu ya pikipiki. Kabla ya kuondoka naweka makasha yote kwenye ramani inayoonyesha mwinuko wa ardhi, naangalia kila moja liko upande gani wa maji na ni barabara gani inayofika upande huohuo. Kisha natafuta mahali pa mwisho ambapo pikipiki inaweza kusimama na kugeuka bila kuhangaika. Hapo ndipo ninapoweka alama yangu, na hapo ndipo ninapojielekeza. Mara nyingi aliyeficha ameshatoa namba za maegesho kwenye maelezo yake, na bado watu hawasomi!

Na msome waliotangulia wamesema nini. Maandishi ya wale watano wa mwisho waliofika ni bora kuliko ramani yoyote: huyu anasema kivuko kimechukuliwa na maji, yule anasema njia ya mashariki imefungwa kwa lango, mwingine anasema aliacha gari akatembea kilomita mbili. Soma na tarehe. "Njia ni nzuri sana" iliyoandikwa wakati wa kiangazi haikuhusu wewe unayekwenda baada ya mvua.

Ukiwa njiani, umbali kwenye kifaa unaweza kupanda badala ya kushuka, na bado uko sawa. Barabara za milimani huzunguka. Kama uliichagua njia hiyo ukiwa umetulia mezani, iamini; usiikimbie kwa sababu ya mshale na kuingia kila kichochoro.

La pili, uwanja mtupu. Nakisia uliandika namba vibaya, nami nitakuonyesha jinsi inavyotokea. Mchezo huu hutumia digrii na dakika zenye desimali. Latitudo ya ndoo ile ya Ulmer imeandikwa N 45° 17.460, yaani digrii 45, dakika 17 na sehemu 460 za elfu za dakika. Mtu mwenye haraka huisoma dakika 17 na sekunde 46. Dakika ina sekunde 60, hivyo sekunde 46 ni zaidi ya robo tatu ya dakika, ilhali .460 haifiki hata nusu. Dakika moja ya latitudo ni mita 1,852 hivi. Piga hesabu: utakuwa umesogea kaskazini karibu mita 570, na kifaa chako kitakuambia sifuri kwa ujasiri mkubwa. Fungua mipangilio, chagua digrii na dakika za desimali, na hakikisha mfumo wa kipimo ni WGS84. Afadhali zaidi pakua faili la GPX, ambalo tayari lina namba za kasha, usiandike namba kwa mkono kabisa.

Hata ukiandika sawasawa, sifuri si kidole kinachogusa kasha. Kipokezi chako kinakosea mita kadhaa, cha aliyeficha nacho kilikosea mita kadhaa. Chini ya miti minene au ubavuni mwa jabali, mawimbi ya satelaiti hugonga mwamba kwanza ndipo yakufikie, na makosa yanakua. Dira ya simu nayo huvurugwa na chuma na sumaku za pikipiki, kwa hiyo ondoka hatua kumi kutoka kwenye injini kabla ya kuiamini. Ukibakiwa na mita kumi, tia kifaa mfukoni. Tazama. Jiulize wewe ungeficha wapi. Mawe matatu yaliyopangwa mahali ambapo mawe mengine yote yamejilalia ovyo, gome la mti lililokaa kinyume, rundo la vijiti lenye unadhifu wa kutiliwa shaka: huko ndiko kwa kuanzia.

Habari Mzee. Nafunga simu kwenye usukani kwa kishikio. Siku hizi kamera yake inatoa picha zenye ukungu, na skrini inazimika jua likiwa kali. Nibadilishe simu?
*Picha Mbovu*

Badilisha kishikio kwanza. Mwaka 2021 kampuni ya Apple yenyewe ilitoa tahadhari kwamba mtikisiko wa injini kubwa za pikipiki, unaopanda kupitia fremu na usukani, unaweza kuharibu sehemu ndogo zinazotuliza picha na kulenga ndani ya kamera. Si simu zao tu zenye sehemu hizo. Tafuta kishikio chenye mpira wa kumeza mtikisiko, au fanya ninavyofanya mimi: simu nzuri inakaa mfukoni, simu kuukuu isiyo na kadi ndiyo inayokula vumbi kwenye usukani. GPS haihitaji laini wala intaneti. Inahitaji tu ramani uliyoipakua mapema. Ramani za OpenStreetMap huwa na vijia ambavyo ramani nyingine hazina, kwa kuwa wapitaji wenyewe ndio huzichora.

Kuzimika juani ni joto. Ikiwa inachajiwa huku inapigwa na jua na kuonyesha ramani kwa mwanga wa juu kabisa, itajilinda kwa kuzima. Zima skrini kwenye sehemu ndefu zisizo na kona. Kama unakwenda sana, kipokezi cha mkononi chenye vitufe ni rafiki mkubwa wa mwenye glavu, na hakijali mvua.

Nyongeza ambayo hukuiuliza: spana na vyuma vya kufungulia tairi visikae kwenye begi la mgongoni. Ukianguka utaangukia juu yake, na uti wa mgongo ukiwa katikati. Vifunge kwenye pikipiki.

Mzee wa Vumbi, shikamoo. Kasha ninalolitamani liko mwisho wa njia ya mchanga, ikifuatiwa na kokoto, halafu kijito kisicho na daraja. Mchangani nimeshaonja ardhi. Rafiki mmoja anasema nipunguze upepo wa matairi, mwingine anasema niongeze nisipate pancha. Nimsikilize nani?
*Mla Mchanga*

Marahaba. Wote wawili wana nusu ya jibu.

Tairi lenye upepo kidogo hulala chini kwa eneo refu zaidi, halizami haraka mchangani wala halirukiruki kwenye mawe. Pikipiki nyingi za barabara na safari hutakiwa kuwa na psi 29 hadi 36 au zaidi kidogo kwenye lami, na maelezo ya mtengenezaji wako ndiyo yenye neno la mwisho. Kwenye mchanga na kokoto mimi hushuka hadi psi 20 au 22. Siendi chini ya hapo, nami nina sababu. Matairi yangu yana tyubu, na jiwe likilipiga tairi laini hubana tyubu dhidi ya rimu na kuikata matundu mawili yaliyo sambamba. Tena tairi laini sana huweza kuzunguka juu ya rimu na kung'oa valvu, na hapo hakuna kiraka kitakachokusaidia. Wanaoshuka zaidi hufunga kibana tairi ndani ya rimu. Kama mawe ya njia yako ni ya kuchongoka kuliko mchanga ulivyo mwingi, punguza kidogo tu.

Ila kama huna pampu, usiguse valvu. Ukirudi kwenye lami lazima ujaze tena; tairi laini kwa mwendo wa kasi hupata joto na usukani unakuwa mzito na wa kubahatisha. Beba tyubu ya akiba, gundi na viraka, vyuma viwili au vitatu vya kufungulia tairi, na uwe umeshalifungua tairi hilo nyumbani angalau mara moja. Wengi hubeba vifaa ambavyo hawajawahi kuvigusa.

Mchangani simama juu ya vikanyagio. Magoti yabane tangi, mikono ilegee, uzito urudi nyuma kidogo, macho yaangalie mbali unakotaka kwenda. Gurudumu la mbele litatangatanga. Liache litangetange! Kinachowaangusha watu ni hofu: mbele panapoyumba wanafunga mafuta ghafla, uzito wote unahamia mbele, gurudumu linajichimbia, na wao wanaendelea na safari bila pikipiki. Shikilia mafuta kiasi kilekile, na ukitaka kupunguza mwendo punguza polepole. Breki ya mbele ya kushtukia sahau. Kokoto ni ndugu wa mchanga, ila kazi yote hufanywa kabla ya kona, si ndani yake.

Kijito: tembea kwanza. Vua buti ukitaka, lakini tembea mstari uleule utakaopita, uhisi mawe na mashimo kwa miguu. Maji yakifika kwenye mdomo wa kuvutia hewa, safari imeishia hapo. Maji ya magotini yanayokwenda kwa kasi yana nguvu ya kukuondoa, na yakiwa ya rangi ya matope hujui yamebeba nini. Ukianguka ndani, zima injini papo hapo, usipige kiki wala starti. Maji hayabaniki kama hewa, na pistoni ikijaribu kuyabana kinachokubali kupinda ni chuma. Toa plagi, zungusha injini taratibu maji yatoke, angalia chujio la hewa, angalia na mafuta ya injini kama yamegeuka rangi ya maziwa. Ukivuka salama, gusa breki kwa upole mara kadhaa zikauke kabla hujazihitaji.

Nawe mtafuta makasha una jambo ambalo mpita njia hana: unaiacha pikipiki peke yake kila mara. Stendi ya pembeni huzama kwenye udongo laini, kwa hiyo beba kipande cha ubao au plastiki ngumu cha kuiwekea chini. Kwenye mteremko, elekeza pua juu na uache giya ya kwanza. Na ekzosi isiwe juu ya majani makavu hata kwa dakika mbili. Wewe unachakura mawe huko, nyuma yako moto umeshaanza.

Mwandishi, mimi sichezi huo mchezo wenu. Nina shamba mwisho wa njia ya vumbi. Tangu mwaka jana watu wa pikipiki hufungua lango langu, huliacha wazi, wanapekua ukuta wangu wa mawe. Ng'ombe wametoka. Nilitupe hilo kopo lenu?
*Mwenye Lango*

Ndugu, haki iko upande wako na sitafuti maneno ya kuwatetea. Kanuni za mchezo zinamtaka anayeficha awe na ruhusa ya mwenye ardhi. Kama hukuulizwa, kasha hilo halikustahili kuwekwa, basi.

Usilitupe bado. Mara nyingi ndani huwa na karatasi ya maelezo yenye jina la kasha au namba inayoanza na herufi GC. Ukiitafuta namba hiyo kwenye Geocaching.com utaona ukurasa wake, na unaweza kuwaandikia wenye tovuti kwamba wewe ndiye mwenye ardhi na hukuruhusu. Wapo wahakiki wa kujitolea ambao kazi yao ni hiyo, na ombi la mwenye ardhi huwa halibishaniwi. Kasha litafungwa, watu wataacha kuja. Ukipenda, waombe lihamishiwe nje ya lango. Wengine wamefanya hivyo na hawana ugomvi na mtu. Lakini huwajibiki kupenda.

Nyinyi wenzangu, lango mliloliona limefungwa mlifunge, mliloliona wazi mliache wazi. Ukuta wa mawe haufumuliwi. Kama kasha halionekani bila kubomoa, halipo hapo. Mkiona mifugo, punguzeni mwendo hadi wa kutembea, na ikibidi zimeni injini isubirini ipite. Na hili ndilo linalonichoma zaidi: njia ya udongo ikiwa imelowa, pikipiki moja inatosha kuacha mfereji utakaokauka na kukaa msimu mzima. Anayefuata anaukwepa, anapita pembeni, na njia ya mita mbili inakuwa ya mita sita, nusu yake ikiwa shamba la mtu. Udongo ukiwa umelowa, rudini nyumbani. Kasha halina miguu.

Mzee, salaam. Mwanangu wa kiume, miaka 23, huondoka alfajiri na pikipiki kutafuta hayo makopo, hurudi usiku, kutwa nzima simu haipatikani. Nikimuuliza anasema, "Mama, nina GPS." Hiyo GPS inamlinda vipi?
*Mama Asiyelala*

Mama, haimlindi. Kipokezi cha GPS kinasikiliza tu. Satelaiti ziko juu kilomita 20,200 hivi, zinatangaza saa na mahali zilipo, na kifaa cha mwanao kinapiga hesabu. Zenyewe hazina habari naye. Akivunjika mguu bondeni atajua kwa usahihi wa mita tano mahali alipovunjikia, na ndiye pekee atakayejua.

Mpe barua hii aisome kuanzia hapa.

Kijana, usiku wa kabla ya safari mwachie mama orodha ya makasha unayoyaendea, kwa mpangilio utakaoyafuata, na njia utakayorudi nayo. Mwachie saa mbili: saa unayotarajia kufika penye mtandao, na saa ambayo baada yake asisubiri tena bali aanze kuita watu. Ukibadilisha mpango huko huko, tuma ujumbe kabla mtandao haujapotea, la sivyo usibadilishe. Hili halikugharimu chochote.

Kama mara nyingi uko peke yako, kuna vifaa vya ujumbe wa satelaiti ambavyo hutuma mahali ulipo na kuomba msaada bila mnara wa simu. Vipo pia vitoa ishara ya dharura vya masafa ya 406 MHz, ambavyo ishara yake hupokelewa na mfumo wa kimataifa wa uokoaji wa Cospas-Sarsat. Kiwe mwilini mwako. Kikiwa kwenye pikipiki na pikipiki iko chini ya bonde, kinaiokoa pikipiki.

Mafuta yagawe mafungu matatu: moja la kwenda, moja la kurudi, moja usiliguse. Njia mbovu inakula mafuta kuliko lami, unakwenda giya za chini kutwa. Mwili nao uugawe hivyohivyo. Kasha la mwisho jioni, ukiwa na kiu na mikono imechoka kubana klachi, ndilo linalovunja watu. Na safari za watu watatu ni bora kuliko za wawili: mmoja akiumia, mmoja anabaki naye, mmoja anakwenda kuita.

Niliona kasha juu ya mti kwa macho yangu na nikalipiga picha. Sikupanda kwa sababu ya buti za pikipiki. Naruhusiwa kuandika nimelipata?
*Jicho Kali*

Hapana. Jina lako liko daftarini au haliko. Vua buti, au andika kwamba hukulipata. Maandishi hayo nayo yana faida kwa mwenye kasha na kwa wanaofuata. Na siku nyingine angalia alama kabla hujaondoka. Kila kasha hupewa alama mbili, kuanzia 1 hadi 5 kwa kupanda nusu nusu: moja ya ugumu wa kulipata, nyingine ya ugumu wa ardhi. Ardhi ya 1 hufikika hata kwa kiti cha magurudumu. Ya 5 huhitaji vifaa maalumu, kama vya kupanda miamba au mashua. Mti wako naona haukuwa wa 1.

Shikamoo Mzee. Nimepata makasha ya kutosha, sasa nataka kuficha langu, mwisho wa njia ambayo pikipiki tu ndiyo inayofika. Nilitamani hata niyafiche mengi kwa mfululizo, kila mtu asimame, asaini, aende. Unanishaurije?
*Mficha Mpya*

Marahaba. Moja, zuri. Mfululizo mimi siupendi na sitajifanya. Kanuni inataka makasha yaachane angalau mita 161, na kuna watu wamelijaza hilo hadi mwisho: kwenye barabara ya Extraterrestrial Highway, Nevada, yaliwekwa zaidi ya elfu moja kando ya lami. Kwa gari lenye watu wanne ni burudani. Kwa pikipiki ni kuvua na kuvaa glavu kila mita 161 mpaka utamani kuuza glavu.

Weka moja mahali penye sababu ya mtu kufika: mandhari, mwamba wa ajabu, daraja la zamani. Omba ruhusa kwa mwenye ardhi, na jina lake uliandike kwenye maombi yako kwa mhakiki. Usizike, kuchimba ardhi ili kuficha kumekatazwa isipokuwa kwa ruhusa ya wazi ya mwenye ardhi. Chombo bora ninachokijua ni sanduku la chuma la risasi la jeshi lenye mpira kwenye kifuniko, ulifute maandishi yote ya kijeshi na kulipaka rangi, lisije likamtia mtu hofu. La plastiki lenye vibano pande nne linafaa pia. Vikopo vya filamu za picha huvuja, usijidanganye navyo. Ndani tia daftari kwenye mfuko wa plastiki, na penseli badala ya kalamu, kwa kuwa wino hukauka au kuganda na penseli haina shida hizo.

Namba za mahali zipime zaidi ya mara moja, kwa saa tofauti, uchukue wastani. Toa na namba za maegesho, mahali pa udongo mgumu ambapo pikipiki mbili zinaweza kusimama na kugeuka. Kwenye ukurasa wa kasha kuna alama ndogo za kueleza hali, ikiwemo ya pikipiki, iwashe. Kisha eleza njia ilivyo bila kujisifu: mchanga una urefu gani, kijito huwa na kina gani baada ya mvua, mafuta ya mwisho yanapatikana umbali gani. Na mtu anayependa kutembea umwachie nafasi. Mahali panapofikika kwa pikipiki hufikika kwa miguu pia, kwa hiyo usiandike kwamba ni pikipiki tu.

Halafu kuna sehemu ambayo wafichaji wengi huiruka, ya kulitunza. Watu wakiandika daftari limelowa, ni wewe wa kwenda. Watatu mfululizo wakiandika hawakulipata, ni wewe wa kwenda, njia ileile ya mchanga na kijito. Kama hutaki kuipita njia hiyo mara nne tano kwa mwaka, ficha karibu zaidi.